Kisu Kizuri Hakinolewi kwa Nguvu

Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Huko Ngumi, kimoja cha visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini ya Kismayu, usemi huo una uzito zaidi. Wabajuni ni wavuvi tangu jadi, na kwa mvuvi kisu kidogo cha kukunja si pambo la mfukoni. Mshipi ukimzonga mkono huku samaki mkubwa akivuta, hapana nafasi ya kukeketa. Kisu hukata mara moja, ama hakikufaa kitu.

Kijana aliyepewa kisu kizuri kwa mara ya kwanza hushawishika kukisugua juu ya mwamba wowote ulio karibu. Hilo ni kosa. Mwamba wa visiwa hivyo ni wa matumbawe, yaani mawe ya chokaa. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, chokaa hupata 3 tu, hali chuma cha kisu hupita 5. Jiwe laini haliwezi kukila chuma kigumu. Chembe za mchanga zilizonasa humo ndizo zitakazokikwaruza ovyo. Yafaa kutafuta kinoo cha dukani chenye nyuso mbili, mmoja wa chembe nene na mmoja wa chembe laini.

Kabla ya kuanza, kisu kisafishwe chumvi na magamba. Kinoo kilowanishwe maji na kulazwa juu ya kitambaa kibichi ili kisiteleze.

Siri yote ya kunoa imo katika pembe. Mwanzo achukue ukurasa wa gazeti, akunje kona yake katikati, kisha aikunje tena. Kona ya nyuzi 90 huwa 45, halafu 22 na nusu. Huo ndio mwinamo wa kukadiria: bapa la kisu liinuke juu ya jiwe kiasi hicho, au pungufu kidogo. Kwa kisu chenye upana wa milimita 20, mgongo utainuka kama milimita 7.

Sasa makali yasukumwe mbele polepole, kana kwamba yanachana utando mwembamba juu ya jiwe, kutoka shina la kisu hadi nchani. Mkono usikandamize. Ili kujua kama pembe haibadiliki, makali yapakwe wino wa kalamu. Ukifutika karibu na mgongo tu, kisu kimelazwa mno. Ukifutika ukingoni kabisa tu, kimeinuliwa mno.

Upande mmoja hunolewa mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje kuelekea upande wa pili. Uzi huo ni shida kuuona, lakini kidole kikipitishwa taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje, huhisi mkwaruzo. Kidole kisipitishwe kamwe kwa urefu wa makali. Uzi ukipatikana, kisu kigeuzwe na upande wa pili ufanywe vivyo hivyo. Baadaye kazi hiyo irudiwe juu ya uso laini, pande zikipokezana, kila mpigo ukiwa mwepesi kuliko uliotangulia. Mwisho kisu kiburutwe juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, ili uzi uliosalia utoke.

Kisu kijaribiwe kwa karatasi. Kikikata bila kurarua, kimekubali.

Kunoa ni kupunguza chuma, na chuma kilichotoka hakirudi. Mwenye pupa hukimaliza kisu chake kabla ya wakati wake. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliviacha visiwa vyao wakakimbilia Lamu na Mombasa. Aliyehama na mzigo mdogo hana kisu cha pili cha kufanyia majaribio; kile alicho nacho hana budi kukitunza.

Kwa hiyo kisu kirudipo kutoka baharini kisuuzwe kwa maji matamu, hata yakiwa kidogo, kikaushwe hadi ndani ya kiungo cha kukunjia, na kipakwe tone la mafuta. Kutu hula makali usiku, mwenyewe akiwa amelala. Kisu kitunzwacho hivyo huhitaji mipigo michache tu ya kinoo, na mwenyewe aingiapo chomboni alfajiri huwa na hakika na kilichomo mfukoni mwake.