Anayetunga Miguu Naye ni Mtunzi

Jua limeshaanguka Kilwa Masoko, lakini mchanga bado una joto la mchana. Vijana sita wamejipanga mistari miwili nyuma ya nyumba, simu imeegemezwa kwenye dumu la maji. Wimbo ni Komasava wa Diamond Platnumz. Binti anayewafundisha haumalizi. Kila baada ya sekunde chache anausimamisha. "Rudini. Mguu usitangulie. Goti ndilo linaloita mguu." Mwishowe anazima simu, anageuza ndoo ya plastiki, anapiga mdundo kwa viganja. Wanarudia na kurudia mpaka miguu kumi na miwili inatua kwa kishindo kimoja. Hapo ndipo anapouwasha wimbo tena.

Nikamuuliza, hilo la goti kalipata wapi? "Kwa bibi, kwenye ngoma." Na kazi yake inaitwaje? "Hapana kazi, nawapanga tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonikalisha chini kuandika makala haya.

Mwaka 2024 Komasava ilivuka mipaka, Jason Derulo akaingia kwenye toleo lake jipya, na Chris Brown akaonekana akiicheza. Watu wengi duniani waliushika mchezo wake kabla hawajayaelewa maneno. Uchezaji ndio uliotangulia kubisha hodi. Uchezaji huo haujiotei wenyewe kama magugu. Una mtu aliyekesha akiutunga.

Mtu huyo ni koreografa. Akipewa na usimamizi wa shoo nzima, mzigo unaongezeka: wimbo upi ufungue na upi ufunge, madansa waingie kutoka upande gani, nguo zibadilishwe lini, taa izimike kwenye pigo lipi. Ndiye anayejua kwamba mwimbaji akishacheza wimbo wa kasi anahitaji kuvuta pumzi, kwa hiyo madansa wasogee mbele wakati huo, naye apate nafasi ya kunywa maji bila shabiki kuona pengo.

Pwani yetu ya kusini inaijua kazi hii tangu zamani. Beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ilishuka na pwani hadi huku, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza zaidi kupitia askari na wapagazi. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa gwaride, sare na vyeo. Kulikuwa na mtu wa kupanga safu, wa kuchagua mavazi, wa kuamua nani aingie lini. Leo tungemwita msimamizi wa ubunifu.

Sindimba ya Wamakonde nayo inatufundisha. Baada ya uhuru, Kikundi cha Ngoma cha Taifa kiliipandisha jukwaani. Ngoma iliyochezwa kijijini watu wakiizunguka ilibidi igeuzwe imtazame mtazamaji aliyekaa kwenye kiti, na ya saa nyingi ikafupishwa iwe ya dakika. Hiyo ni kazi ya utunzi kamili, na elimu yake ilipata makao Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Muziki wa dansi nao ulikunywa kwenye kisima hichohicho. Msondo, ngoma inayojulikana katika unyago wa pwani, iliipa jina bendi iliyozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964. Baadaye Super Nyamwela aliongoza wanenguaji wa bendi ya Twanga Pepeta, na watu walilipa kiingilio kuwatazama wao kama walivyolipa kumsikiliza mwimbaji. Kwenye Bongo Fleva, Mose Iyobo na Angel Nyigu wamejijengea majina kwa miguu yao. Lakini kwa kila jina moja linalofahamika, wapo wengi waliolipwa nauli na chakula, wimbo ukapasuka, wao wakabaki walivyokuwa.

Na sheria haijawasahau. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataja kazi za uchezaji jukwaani miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kinachokosekana ni mazoea: mkataba kabla ya mazoezi, video ya mazoezi yenye tarehe iliyotunzwa, na mtunzi mwenyewe kuamini kwamba alichokitengeneza ni mali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasanii, maprodyuza na maofisa utamaduni wa Kilwa na Lindi ni dogo. Mnapotoa video, chini ya jina la aliyetunga wimbo liandikeni jina la aliyetunga uchezaji. Ni mstari mmoja. Kwa mstari huo binti wa Kilwa Masoko anaweza kwenda Dar es Salaam kuomba kazi akiwa na kitu cha kuonyesha, na goti la bibi yake likapata mwenyewe.