Maziwa, Chai na Tumbo la Mtoto

Kama uko jikoni, endelea na kazi huku ukitusikiliza. Leo tunazungumza juu ya maziwa. Kuna swali ambalo mnaniuliza mara nyingi kliniki: "Sista, mtoto akinywa maziwa tumbo linanguruma na anahara. Je, nimkataze maziwa kabisa?"

Nianze na kisa kimoja. Mama mmoja wa Makongeni, Thika, alimleta mtoto wake wa miaka mitatu kupimwa uzito. Miezi miwili kabla ya hapo, mtoto alikuwa amehara kwa siku kadhaa. Alipopata nafuu akapewa kikombe cha maziwa. Tumbo likajaa gesi na choo kikawa chepesi tena. Majirani wakamwambia mama kwamba mtoto amekataliwa na maziwa. Tangu siku hiyo mtoto akawa anapewa strungi na mandazi asubuhi, strungi tena pamoja na chakula cha mchana, na jioni vivyo hivyo.

Tulipofungua kijitabu cha kliniki, mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri ulikuwa umelala. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka, na alipopimwa tukakuta damu imepungua. Mama huyu hakuwa mzembe. Alimpenda mtoto wake na alifuata alichoambiwa. Kilichokosekana ni maelezo, na ndiyo nitakayokupa leo.

MAZIWA HUSAGWA VIPI TUMBONI?

Ndani ya maziwa mna sukari ya asili iitwayo laktosi. Kikombe kikubwa cha robo lita kina takriban gramu 12 za sukari hiyo. Haiwezi kuingia kwenye damu mpaka ikatwe vipande viwili. Anayeikata ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye ngozi laini iliyo ndani ya utumbo mwembamba. Kimeng'enya hiki kikiwa kichache, sukari hupita bila kukatwa hadi kwenye utumbo mpana. Huko huvuta maji, na vijidudu vinavyoishi humo huila na kutoa gesi. Hapo ndipo tumbo hunguruma, huvimba na choo huwa chepesi.

Karibu kila mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kutosha, kwa maana maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko hata ya ng'ombe. Kwa watu wengi, kimeng'enya hiki hupungua polepole baada ya utoto. Takriban watu wazima wawili kati ya kila watatu duniani wako hivyo. Wengine, hasa katika jamii zilizofuga kwa karne nyingi, hubaki nacho hadi uzeeni. Mwaka wa 2007 watafiti walieleza jinsi urithi huu ulivyojitokeza miongoni mwa watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Kwa hiyo, ukiona shosho mmoja anakunywa lita nzima bila shida na mwingine analalamika kwa nusu kikombe, hakuna aliyerogwa. Ni maumbile.

Kuna pia upungufu wa muda. Mtoto akihara sana, ile ngozi laini ya utumbo huchubuka, na kimeng'enya hupungua pamoja nayo. Utumbo ukipona, mara nyingi katika siku au wiki chache, kimeng'enya hurudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wetu wa Makongeni. Shida ya muda mfupi ilifanywa kuwa marufuku ya miezi miwili.

TUNYWE MAZIWA WAKATI GANI?

Sisi wa Thika na Ruiru tunaishi katikati ya kahawa na maziwa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa Ruiru, na ndicho kilichotoa aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11 mwaka wa 1985. Hata hivyo, nyumbani wengi wetu hunywa chai, tena ya maziwa, kutwa nzima. Siku hizi mikahawa ya mjini huuza pia kapuchino, yaani kahawa yenye maziwa na povu, kama ya Italia.

Waitaliano wenyewe wana desturi yao. Kapuchino ni ya asubuhi. Baada ya chakula cha mchana au cha jioni hunywa kahawa kali isiyo na maziwa, katika kikombe kidogo. Ukiwauliza, wengi watakuambia kwamba maziwa juu ya chakula hulemea tumbo.

Je, tuwaige? Ni kweli kwamba aliyeshiba sana huweza kujisikia mzito akiongeza kikombe kikubwa cha maziwa. Lakini kwa mwenye kimeng'enya kichache, maziwa pamoja na chakula humfaa kuliko maziwa peke yake tumboni mtupu. Chakula huyachelewesha maziwa, yakateremka utumboni kidogo kidogo, na kimeng'enya kilichopo kikapata nafasi ya kufanya kazi.

Jambo ambalo sisi tunapaswa kuliangalia zaidi wakati wa chakula ni majani ya chai. Chai ina tanini, na tanini hushikana na madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na sukuma wiki. Madini hayo hupotea kwenye choo badala ya kutengeneza damu. Kahawa pia huzuia madini hayo. Ndiyo sababu mtoto aliyekuwa akila githeri na kuteremshia kwa strungi alipungukiwa na damu hata kama sahani ilikuwa imejaa.

MAMA, FANYA HIVI

1. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Endelea kumnyonyesha, pamoja na vyakula vingine, hadi miaka miwili au zaidi. Akihara usimwachishe, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

2. Mtoto mkubwa anayesumbuliwa na maziwa, anza na kiasi kidogo, kama robo kikombe, pamoja na chakula. Mtilie kwenye uji. Ongeza polepole kadiri tumbo linavyokubali.

3. Jaribu mala au maziwa ya mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa huwa wamekwisha kula sehemu ya ile sukari, kwa hiyo tumbo hupata kazi nyepesi. Chagua yasiyoongezwa sukari.

4. Chemsha maziwa ya mtungi au ya kupimiwa dukani kabla ya kuyatumia, hata ya kugandisha mala. Kuchemsha hakuondoi laktosi, bali huua vijidudu vya magonjwa kama brusela na kifua kikuu.

5. Usimpe mtoto mdogo chai wala kahawa. Mpe maji safi na kipande cha chungwa, ambalo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Wewe mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito, acha saa moja au zaidi ipite kati ya chakula na chai.

6. Kama maziwa yamekataa kabisa, usiache pengo. Mpe omena wanaoliwa na mifupa yao, mayai, maharagwe na mboga za majani kama terere.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usidhani kila kuhara ni maziwa. Mpeleke mtoto kituo cha afya upesi ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, kutapika kila kitu, kulegea, au kushindwa kunyonya na kunywa. Njiani mpe maji ya ORS kidogo kidogo kama anaweza kunywa. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida baada ya maziwa, hiyo inaweza kuwa mzio, na mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa. Usimjaribishe tena nyumbani.

Na mtoto wetu wa Makongeni? Alipewa dawa ya kuongeza damu. Strungi ilisimamishwa, akaanzishiwa vijiko vichache vya mala, halafu uji wa maziwa, mayai na omena. Alipokuja mara ya tatu, mstari ulikuwa umeanza kupanda tena. Mama aliutazama, akacheka, akaniambia, "Kumbe hakuwa amekataliwa na maziwa, alikuwa anaomba kungojwa!"

Basi kabla hujamwondolea mtoto chakula chochote, njoo kliniki kwanza tuzungumze. Beba kijitabu chake. Hadi kipindi kijacho, nakutakia wewe na jamaa yako afya njema. Kwaheri.