Mtoto Kitini, Wakubwa Vitani

Tarehe 23 Oktoba, 425, mjini Roma, mtoto wa miaka 6 alivikwa joho la Kaisari. Jina lake Valentinian wa Tatu. Mjomba wake, Honorius, alikufa mwaka 423 bila mtoto. Kiti kikatwaliwa na mkuu wa makarani, Ioannes, hata jeshi la Mashariki likaja kumwondoa.

Je, mtoto wa miaka 6 aweza kutawala? La, hasha! Aliyetawala ni mama yake, Galla Placidia, na waliogombea ukubwa chini yake ni majemadari wawili, Aetius na Bonifatius. Mwaka 432 walipigana wao kwa wao karibu na Rimini, na Bonifatius akafa kwa jeraha lake. Wakati huo Wavandali walikwisha vuka bahari, tangu 429, wakaingia Afrika ya Kaskazini. Mwaka 439 wakautwaa Carthage, na nafaka iliyolisha Roma ilitoka pande hizo.

Mtoto akakua, lakini alichojifunza ni hofu. Mwaka 454 alimwua Aetius kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 455 watu wa Aetius wakamwua yeye, na Wavandali wakaiteka nyara Roma siku 14.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Basi, msomaji, tusimlaumu mtoto. Tuwalaumu wakubwa walioifanya dola kuwa urithi wa nyumba moja, kisha wakaigombea nyumba hiyo hali mwizi yu mlangoni. Mkate uliopotea ulikuwa wa mtu wa kazi.