Taa ya ABS ya trela: Pima waya kabla ya kununua moduli

TAA ya njano ya ABS inapoendelea kuwaka kwenye trela ya mizigo, breki za upepo huwa bado zinafanya kazi, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Dereva hukanyaga, lori husimama, safari huendelea. Kilichopotea hakionekani hadi siku ya mvua, trela ikiwa tupu, pale magurudumu ya nyuma yatakapojifunga na trela kuanza kuyumba kama mkia kuelekea upande wa magari yanayokuja.

Kazi ya kuzuia hali hiyo imekabidhiwa kisanduku kidogo cha elektroniki kilichofungwa chini ya chasisi, yaani moduli ya ABS. Moduli hupokea taarifa za mwendo wa magurudumu kutoka kwenye sensa. Gurudumu linapokaribia kuacha kuzunguka ilhali trela ingali inakwenda, huiamuru vali ipunguze upepo kwenye breki, kisha iurudishe, mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Mfumo huo haukupokewa kwa urahisi. Nchini Marekani, kanuni ya breki iliyoanza kutumika mwaka 1975 iliwasukuma watengenezaji wa malori na trela kufunga vifaa vya aina hiyo vilivyokuwa bado vichanga, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikakitengua kipengele hicho kwa sababu vifaa havikuwa vya kuaminika. Sheria iliporudi, ikizihusu trela zilizotengenezwa kuanzia Machi 1998, ilidai pia kwamba mfumo ujikague wenyewe na kutoa taarifa kwa taa. Kwa hiyo taa ile inayozibwa kwa utepe katika baadhi ya magereji ndiyo iliyoufanya mfumo ukubalike.

Trela hazifanani, na moduli ni lazima ijue imefungwa kwenye trela ya namna gani. Watengenezaji hutumia alama fupi: S kwa sensa na M kwa vali zinazorekebisha upepo. Trela ya 2S/1M ina sensa mbili na vali moja inayohudumia magurudumu yote. Ya 4S/2M ina sensa nne na vali mbili, kwa kawaida moja kwa kila upande.

Baadhi ya moduli hujipanga zenyewe: zikipata umeme kwa mara ya kwanza huhesabu sensa na vali zilizounganishwa na kuweka hesabu hiyo kwenye kumbukumbu. Nyingine hupangwa kwa kompyuta yenye programu ya mtengenezaji. Njia zote mbili zina mtego. Moduli iliyopangwa kwa sensa nne ikifungwa kwenye trela yenye mbili, taa haitazimika kamwe, maana inatafuta sensa ambazo hazipo. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Inayojipanga yenyewe ikiwashwa wakati sensa mbili kati ya nne hazijachomekwa, inaweza kuamini kwamba trela ina mbili tu. Taa itazimika, mwenye gari atalipa na kushukuru, na magurudumu mawili yatabaki bila ulinzi.

Idadi ya meno kwenye pete inayosomwa na sensa nayo ni sehemu ya mpangilio. Pete nyingi zina meno 100. Moduli ikiambiwa idadi isiyo sahihi, itakokotoa mwendo usio wa kweli. Katika trela za EBS, ambazo breki zake huongozwa kwa umeme, moduli hubeba pia viwango vya upepo kwa trela tupu na iliyopakiwa. Kunakili viwango hivyo kutoka trela ya jirani ni kucheza na maisha ya watu.

Uchunguzi huanza bila kifaa chochote. Swichi ikiwashwa, taa inapaswa kuwaka kwa takriban sekunde tatu na kuzimika, huku vali zikisikika zikigonga moja baada ya nyingine. Taa isiyowaka kabisa si habari njema. Huenda balbu imeungua au kuna mtu aliyeichomoa. Inayozimika baada ya gari kutembea kidogo mara nyingi inaonyesha kwamba moduli ilikuwa na kumbukumbu ya hitilafu ya sensa na imesubiri kuhakikisha kuwa magurudumu yanasomeka.

Ikibaki inawaka, fundi husoma namba ya hitilafu kwa kompyuta au kwa kuhesabu mimweko ya taa. Namba hiyo huelekeza mahali pa kupima, haitaji kifaa cha kununua. Ikitaja sensa ya kulia, kosa linaweza kuwa kwenye sensa, waya, plagi yenye kutu au hata beringi. Beringi iliyolegea huifanya habu icheze na kuisukuma sensa mbali na pete. Dawa yake ni kurekebisha beringi, kisha kuisukuma sensa kwa mkono, bila nyundo, hadi iguse pete. Sensa nyingi nzima hupimwa kati ya omu 900 na 2,000, na gurudumu likizungushwa nusu mzunguko kwa sekunde zinapaswa kutoa angalau volti 0.2 za umeme geu.

Umeme wenyewe pia hupimwa mapema. Trela za Ulaya, ambazo nyingi huingia Afrika Mashariki zikiwa zimetumika, hupata umeme wa breki wa volti 24 kupitia tundu la pekee. Pini 1 na 2 huleta umeme wa vali na wa moduli, 3 na 4 huurudisha, 5 hupeleka onyo kwenye dashibodi, na 6 na 7, pale zilipo, hubeba mawasiliano. Kichwa cha lori kisicho na tundu hilo, au kilichoachiwa kebo yake ining'inie, huivuta trela ambayo moduli yake hutegemea umeme wa taa za breki, ikiwa imeunganishwa nao, au imelala kabisa. Trela za Marekani hutumia volti 12, hivyo moduli zake hazibadilishani na hizo.

Lililo nje ya uwezo wa ABS ni joto. Katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, breki zilizokanyagwa mfululizo hadi zikaungua hazitaokolewa na moduli iliyo nzima.

Baada ya matengenezo, kumbukumbu ya hitilafu hufutwa na trela kuendeshwa kidogo kabla ya kukabidhiwa. Iliyofutwa bila kutengenezwa itarudi, mara nyingi kabla lori halijatoka nje ya geti.