Waliochonga Pango la Kitum

Sogeeni karibu, wajukuu wangu, niwapeleke Kitale. Tutakwenda shanta mgongoni, kama wale vijana wageni mnaowaona wakishuka kwenye matatu, pua zimebabuliwa na jua, wakiuliza njia kwa Kiswahili cha kuokoteza. Hawana gari la kitalii wala dereva wa kuwangoja. Wamekuja kutafuta wanyama katika nchi wasiyoijua, na kila wanachohitaji, iwe maji au njia, sharti wamwombe mtu.

Tuanze na nzohe. Shika barabara ya Kapenguria hadi Kipsaina. Hapo pana mbuga ya Saiwa, ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya: kilomita 3 za mraba hivi, ambazo mtoto mwenye miguu mizuri anazizunguka kabla ya chakula cha mchana. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, huyo nzohe, swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, ndiyo maana hatitii kwenye matope. Akishtuka huingia majini na kuzama, akaacha pua tu nje.

Ndani ya Saiwa gari halipiti. Kila mtu hutembea juu ya njia za mbao, halafu hupanda dungu akangoja. Wengi hungoja kidogo, wakachoka, wakashuka wakisema hakuna kitu. Nyinyi msishuke. Tazameni mafunjo yanayotikisika mahali pasipo na upepo.

Sasa twende mlimani. Ukiwa Kitale utauona upande wa magharibi, mpana kama paa la nyumba kubwa. Ramani huuita Elgon, Wabukusu huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, meta 4,321, na upande wetu kuna Koitoboss, meta 4,222. Ukipita lango la Chorlim unaingia msituni kwa mbega, na humo yamo mapango: Makingeni, Chepnyalil, Ngwarisha, na lile mashuhuri kuliko yote, Kitum, lililopenya ndani ya mlima kiasi cha meta 200.

Mwaka 1883 alifika huku Mskoti mmoja, Joseph Thomson, kijana wa miaka 25, akiwa na msafara wa watu wa pwani. Alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Akatazama kuta zilizochimbwachimbwa, akaona kazi hiyo ni kubwa mno kwa wenyeji. Basi akakisia kwamba wachimbaji walikuwa watu wa kale, waliotoka mbali kutafuta madini au vito.

Mnajua nani aliyekuwa akichimba Kitum? Ndovu!

Sikilizeni sababu yake. Mvua ya mlimani ni nyingi, nayo huosha chumvi ardhini. Majani yanayoota hapo ni matamu lakini hayana chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa kama ndovu. Chumvi imebaki ndani ya mwamba, na mwamba umo pangoni. Kwa hiyo usiku ndovu hupanga mstari, wakaingia katika giza totoro ambamo jicho halina kazi. Mkonga hupapasa mbele kama fimbo ya kipofu, usije mguu ukatumbukia ufani. Wakifika ukutani huukwangua kwa pembe, wakabandua vipande, wakavisaga kwa magego na kumeza. Usiku mmoja ni vipande vichache. Hesabuni maelfu ya miaka. Nyati na pongo nao huja kulamba, na hata wenyeji walikuwa wakibeba chumvi hiyo kuwapa mifugo.

Thomson alikuwa jasiri, nami namheshimu. Lakini lile pango lilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakumjia akilini. Linaloniuma zaidi ni lililokuja baadaye: miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua ndovu wa mlima huu kwa wingi, wakizitaka pembe zilezile zilizochonga kuta.

Na sasa neno la kuwalinda. Kitum si pahali pa kukimbilia ndani kwa shangwe. Mwaka 1980 mtu mmoja, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, waliugua homa ya Marburg baada ya kulitembelea, wakafa. Popo walao matunda huweza kubeba virusi vya homa hiyo bila wao kuugua. Msiguse popo wala mavi yao, na msiende popote mlimani bila askari wa wanyamapori, kwa maana nyati akiwa vichakani hatoi hodi.

Tukirudi tutashukia upande wa Bungoma, kupitia Kapsokwony na Kimilili. Ukikutana na mama wa Kibukusu njiani, sema, "Mulembe, mayi," kabla hujauliza lolote, halafu tua shanta chini, maana maswali yatakayofuata ni ya watu wa kwenu na afya zao, na njia utaelekezwa baadaye. Huko Webuye kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijihami nyuma ya handaki na boma mwaka 1895, walipopigana na Waingereza. Pandeni polepole.

Kisha tutakwenda kupumzika kwenye maporomoko ya Nabuyole, mto Nzoia unapojirusha juu ya majabali kabla ya kwenda zake Ziwa Viktoria. Vueni viatu, lakini kaeni mbali na ukingo. Yachoteni kidogo maji yale kwa viganja. Mengine yametoka Masaba, na mengine yamepita Kipsaina, katikati ya mafunjo, karibu na ile pua iliyochomoza nje ya maji ikingoja tuondoke.