Julai Mosi: Siku Moja, Nchi Mbili

Ifikapo tarehe 1 Julai, mama wa nyumba hapa Burundi huwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuwahi sokoni kabla ndagala hazijapanda bei. Ya pili ni kuwajibu watoto wanaouliza kwa nini leo baba haendi kazini. Jibu la "ni sikukuu ya uhuru" halitoshi, kwani mtoto mwerevu atauliza: uhuru kutoka kwa nani?

Wadachi walitutawala hadi mwaka 1916, Wabelgiji walipowatoa katika vita. Tangu hapo Ruanda na Urundi zilitawaliwa pamoja, kwanza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, kisha ya Umoja wa Mataifa. Mwezi Juni 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua dhamana hiyo ikome tarehe 1 Julai. Ndiyo maana jirani zetu wa Rwanda wana tarehe ile ile. Ila wao walikuwa wamekwisha kuuondoa ufalme kwa kura ya Septemba 1961, wakaingia katika uhuru wakiwa jamhuri chini ya Grégoire Kayibanda, ilhali sisi tuliingia na Mwami Mwambutsa wa Nne. Siku hizi huko Rwanda shangwe kubwa huwa tarehe 4 Julai, kukumbuka mwaka 1994.

Mtu ambaye angestahili kusimama mbele siku ile hakuwapo. Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa ameanzisha vyama vya ushirika vya wafanya biashara mwaka 1957, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono mapema kabisa. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba, hata mwezi haujatimia, alipigwa risasi akiwa mezani kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kaburi lake liko Vugizo, juu ya mji wa Bujumbura, na mzazi aliye karibu afadhali awapeleke watoto huko kwa miguu kuliko kuwaacha wakizurura baada ya gwaride.

Na ngoma je? Hizo ndizo watoto huzisubiri. Huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, na wapigaji huingia uwanjani wamezibeba kichwani huku wakiendelea kuzipiga. Zamani hazikupigwa ovyo. Zilikuwa za Mwami, na ile takatifu, Karyenda, ilikuwa alama ya enzi yenyewe. Bendera ya mwaka 1962 ilikuwa na picha ya ngoma hiyo pamoja na mmea wa mtama. Ufalme ulipoangushwa Novemba 1966 ngoma iliondolewa bendera ikabaki na mtama peke yake, na mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu tunazoziona leo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Amri ya mwaka 2017 ilithibitisha kuwa wapigaji ni wanaume. Binti zetu hucheza, na wapo wanaonung'unika, nami siwalaumu.

Mtama nao haukuwekwa benderani kwa pambo. Katika umuganuro Mwami alizibariki mbegu zake ndipo wananchi wapande. Leo mtama huo huonekana zaidi katika chungu cha impeke, ambacho wazee hukizunguka na mirija yao, kila mmoja akivuta kwa zamu. Julai ni kiangazi, maharage yamekwisha vunwa, kwa hiyo hata nyumba yenye kipato kidogo huweza kupika maharage kwa ndizi na mafuta ya mawese, pamoja na sombe iliyotwangwa vema. Anayependa urwarwa na awe ameivundika ndizi yake siku kadhaa kabla, maana pombe ya ndizi haijui haraka. Watoto wapewe chakula kwanza, kabla ya wageni. Wakishiba husikiliza habari za Rwagasore kwa utulivu zaidi.