‘Sisal’ ni mkonge au katani? Neno lilianzia bandarini Mexico

Ukiandika ‘sisal’ kwenye simu yako pale Morogoro Mjini, usishangae ukiletewa kampuni ya kubeti ya Italia kabla ya mkonge. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1945 na jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiitaliano. Haihusiani na shamba lolote.

‘Sisal’ ya Tungi, Kimamba na Kilosa ni jina la mahali. Sisal ni bandari ndogo ya Yucatán, Mexico. Nyuzi zilipakiwa melini hapo, wanunuzi wa nje wakaziita kwa jina la bandari, kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela. Cha kuchekesha, nyingi ya nyuzi hizo zilitoka kwenye henequen, ndugu wa mkonge wetu. Miaka ya 1870 biashara ikahamia bandari ya Progreso, Sisal ikapoa, lakini jina likabaki.

Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu! Baadaye ukasambaa hadi Morogoro, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000.

Sasa hapa ndipo neno linapoleta utata. Kwa Kiingereza ‘sisal’ ni mmea, na ni nyuzi pia. Kiswahili kinatenganisha: shambani ni mkonge, ukishachakatwa ni singa au katani. Katani limetokana na neno la Kiarabu la kitani, nguo ya tangu zamani ambayo haitokani na mkonge kabisa. Fundi jipsamu wa Moro akikutuma dukani, anataka katani, siyo jani.

Tofauti hiyo ni pesa. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo tani nzima ya majani ikipita kwenye korona (mashine ya kuchakata, siyo ule ugonjwa) inatoa takriban kilo 40 za singa kavu. Mnunuzi akikutumia meseji anataka ‘tani 10 za sisal’, muulize kwanza: majani au singa? Kama ni singa, utahitaji kuvuna tani 250 hivi za majani.